Waya Unapita Wapi?

Kwa mujibu wa karatasi, sisi watu wa Kerenge, wilaya ya Korogwe, tunaishi wote katika nyumba moja. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule, na varanda inayotazama upande wa kushoto wa ukurasa. Meinswichi iko nyuma ya mlango. Mchoro huo aliuchora fundi wetu wa umeme zamani, siku moja aliyokuwa na rula, akaupiga fotokopi, na tangu hapo kila anayeomba kuunganishiwa umeme hupewa nakala, anaandika jina lake juu na fundi anagonga muhuri chini. Mwenye banda la chumba kimoja anao. Mwenye nyumba ya vyumba saba na baa kwa mbele anao. Jirani yangu wa mashine ya kusaga naye, kwa mujibu wa fomu, ana sebule na vyumba viwili, na sijui mahindi yanasagiwa chumba cha wazazi au cha watoto.

Simchongei fundi. Leseni ya EWURA anayo, muhuri ni wa kweli, umeme wake unawaka. Nyumba tu ndiyo ya kubuni.

Niseme kwanza kwa nini habari ya michoro inanihusu. Nyumba yangu niliijenga kwa kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho kiliinua mgongo mpaka usawa wa lenta kikachoka. Vyumba vya mbele vilipauliwa, vikapigwa lipu, vikaingia umeme. Vya uani vikabaki boma, vinaota majani, vikisubiri mahindi yawe na bei. Umeme wa mbele niliupata kwa mradi wa umeme vijijini wa REA, shilingi 27,000 za kuunganishwa, na hapo nilimshukuru mtu wa serikali bila kulazimishwa na mgeni rasmi. Wayaringi ya ndani ni juu ya mwenye nyumba. Wapo wenzangu waliochukua UMETA, kile kiboksi cha Umeme Tayari: unakipachika ukutani na maisha yanaanza. Walikuwa na akili. Mimi nilijiona mtu mzima, nikataka wayaringi ya kuchimbia: mabomba ndani ya ukuta, juu yake lipu, juu ya lipu rangi, mgeni akiingia asione waya hata mmoja.

Hakuna aliyeuona. Hata sisi wenyewe hatukuuona tena.

Ikaja siku shemeji yangu akatusaidia kutundika kalenda ya benki. Alichagua mahali pazuri kabisa, katikati ya ukuta, usawa wa macho, mbali na soketi na mbali na swichi. Msumari ulipozama, ukuta ukatoa cheche, sakiti breka ikaanguka, na shemeji akarudi kinyumenyume mpaka kwenye meza ya chai. Namshukuru Mungu kwamba nyundo ilikuwa na mpini wa mbao. Nikampigia simu fundi aliyefanya kazi ile, ambaye si huyu wa muhuri, ni mwingine aliyekuwa na bei ya kirafiki. Alikuwa Mererani anatafuta tanzanaiti. Nikamuuliza, waya wa soketi ya sebuleni umepita wapi? Akafikiri kwa gharama ya vocha yangu.

"Mzee, ule si ulitoka juu ukashuka?"

Nikamwambia shemeji kaukuta katikati ya ukuta. Akasema, basi labda ulikata kona.

Tangu hapo nyumbani kwangu hakigongwi kitu. Kalenda imelazwa juu ya kabati na mwenye shida na tarehe anapanda kiti.

Na hii ndiyo wilaya ya umeme, jamani! Mitambo ya Hale, megawati 21, iko humu humu Korogwe, inazungushwa na maji ya mto Pangani tangu 1964. Ukishuka zaidi na mto unaikuta New Pangani Falls, megawati 68, ya mwaka 1995, na kabla ya hiyo kulikuwa na kituo cha zamani cha enzi za Mwingereza, miaka ya 1930. Kwa muda mrefu umeme huo tulikuwa tunautazama ukipita juu ya vichwa vyetu, una safari zake. Siku hizi kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na hata watoto wa shule ya msingi wanaijua hesabu hiyo. Taifa zima linajua umeme wetu unatoka wapi. Ukiingia ndani ya ukuta wangu tu, habari zinakatika.

Ndipo akaja mpwa wangu, likizo, na leptopu. Anasoma uhandisi wa umeme.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usipige msumari."

Alipoelezwa habari ya kalenda akacheka kile kicheko cha watu wenye leptopu. "Mjomba, hiyo ni kazi ya modeli. Nyumba nzima inaingia kwenye kompyuta, ukuta kwa ukuta, waya kwa waya. Vyumba vya uani tusianze kuvipigia mabomba kabla ya modeli." Nikakubali, maana mahindi safari hii yalikuwa na bei na mimi nilikuwa na hamu ya kutumia pesa vibaya.

Programu hizi za kuigiza majengo si za jana. Wahungaria wa Graphisoft walitoa ArchiCAD mwaka 1984, wakati huo sisi tuko kwenye foleni ya sabuni na sukari. Revit ikaja mwaka 2000 kutoka kampuni ndogo ya Massachusetts, na miaka miwili baadaye Autodesk wakainunua kwa dola milioni 133. Wanafunzi huzipata bure. Mtu mzima akitaka hizo kubwa ajiandae kutoa zaidi ya dola 2,500 kwa mwaka, pesa ambayo hapa kwetu inapaua uani na kubakiza ya milango. Wazo lenyewe ni zuri, na nalisifu kabisa kabla sijaendelea na kazi iliyonileta: huchori mistari, unajenga. Ukuta wa kwenye kompyuta unajijua kuwa ni ukuta, unajua unene wake na tofali zake. Ukilisogeza dirisha kwenye ramani, limesogea kwenye picha ya mbele, limesogea kwenye ukuta wa pembeni, na orodha ya madirisha imejirekebisha bila kuombwa. Programu ya mpwa wangu ilikuwa moja ya jamii hiyo. Jina lake silitaji, wenyewe wana mawakili.

Tulipima kwa tepu kutwa nzima. Jioni nyumba ilikuwa ndani ya kompyuta inazunguka polepole, na majirani wamejaa varandani. Mama watoto akaomba kuliona bati lake kwa juu, akauliza kwa nini halina kutu. Mpwa akasema kutu inawezekana, ipo rangi yake. Mzee mmoja akataka kuiona ikiwa na ghorofa. Ikaongezwa ghorofa, na kwa muda wa kikombe cha chai nikawa mtu wa ghorofa. Hata boma la uani lilionekana la kifahari, kwa sababu programu haikuwa na majani.

Kisha tukaingia kwenye umeme.

Taa ya kwanza ikakataa kuungana na meinswichi. Haikusema sababu. Mpwa alibonyeza, akafungua orodha ya bodi za kuunganisha, orodha ikaja tupu. Kimya kabisa, kama wazee wa upande wa binti ambao hawajaridhika na posa. Usiku ukaenda tukitafuta kosa la taa. Kumbe taa ilikuwa ya volti 120. Programu imezaliwa Marekani, na inaamini kwamba majumbani dunia nzima inakula volti 120. Sisi tunakula 230, na kompyuta haiozeshi volti mbili tofauti. Ikabidi mpwa akae aifundishe: hii ni 230, hii ni 400 ya fezi tatu, hizi zinaitwa mita, futi weka kando.

Ikafuata habari ya unene wa waya. Wamarekani wanauhesabu kwa namba, na namba ikipanda waya unakonda: namba 14 ni mwembamba kuliko namba 12. Fundi wetu wa muhuri, aliyekuwa amekuja kumwangalia mshindani wake, alisikia "namba kumi na nne" akasema huo mnene mno kwa taa. Alipoelezwa alinyamaza, akasonya kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba waliobuni utaratibu huo hawajawahi kumtuma mtoto dukani. Hapo niko upande wake. Kwetu ni waya wa moja na nusu kwa taa na wa mbili na nusu kwa soketi. Mtoto anatumwa Korogwe na anarudi na kitu sahihi, labda rangi tu ndiyo izue mjadala, maana madukani nyekundu na nyeusi za zamani bado zinauzwa kando ya kahawia na buluu.

Programu ikakisia kila soketi itabeba volti-ampia 180. Ni kanuni ya kwao huko. Soketi yetu ya pini tatu, ya ampia 13, kwa volti 230, ina uwezo wa karibu wati 3,000, na ya sebuleni kwangu hujaribiwa kila jioni: televisheni, king'amuzi, redio ya mama mkwe, pasi, na ekstensheni yenye simu za nusu ya kitongoji. Mpwa aliitafutia hiyo ekstensheni mahali kwenye modeli akakosa. Nikamwambia basi modeli si ya nyumba hii.

Kuna pia kitu wahandisi wanakiita kigezo cha mahitaji. Wanakubali kwamba vyombo vyote haviwashwi kwa pamoja, kwa hiyo mzigo wa jumla unapunguzwa kwa asilimia fulani. Mpwa akaniuliza aweke asilimia ngapi. Nikamjibu kwamba katika nyumba hii kigezo cha mahitaji ni mimi. Ukizidisha uniti 75 kwa mwezi unaiaga ile bei ya shilingi 100 kwa uniti, kwa hiyo mwezi ukishafika katikati mimi napita chumba hadi chumba nazima. Hesabu yoyote isiyoniweka mimi koridoni na kandambili zangu imekosewa tangu mwanzo.

Korido nayo ina kesi yake. Taa yake ina swichi mbili, moja mlangoni na moja kwangu, ili nisitembee gizani. Fundi yeyote anaifunga hiyo akiwa anaongea na simu. Programu ikasema taa moja, swichi moja. Mpwa akajaribu kwa njia ya mbele, akajaribu kwa njia ya nyuma, mwishowe akachora swichi ya pili kama pambo: ipo, inaonekana, haiwashi chochote. Mbele za watu alikiita kitendo hicho "suluhisho la muda". Nilidhani maneno hayo wanafundishwa wakishaajiriwa.

Na awamu. Programu inakuja na awamu mbili: jengo lililopo na jengo jipya. Nikamweleza mpwa kwamba nyumba hii ina awamu ya kiinua mgongo, awamu ya mahindi, awamu ya mkopo wa kikundi, na awamu ya mtoto wa kwanza atakapopata kazi. Akaandika "jengo jipya".

Haya yote ningeyameza. Mimi nilikuwa na swali moja tu, lile la msumari. Vyumba vilipokamilika, taa zimekaa, soketi zimekaa, meinswichi iko mahali pake, nikavuta kiti nikamwambia, "Sasa nionyeshe waya."

Akanionyesha. Kutoka soketi hadi soketi kulikuwa na mistari iliyopinda, mizuri, inaelea. Mmoja ulitoka sebuleni ukakatisha katikati ya kitanda changu ukatokea jikoni. Mwingine ulipita kwenye uwazi wa dirisha.

"Huu wa dirishani ndio nini?"

"Mjomba, hiyo ni alama tu. Inaonyesha kwamba soketi hii na ile ziko mkondo mmoja. Haionyeshi njia."

"Njia inaonyeshwa wapi?"

Hapo ndipo alipoanza kujikuna. Ipo namna ya kuchora mabomba, akayachora, yakakaa ndani ya ukuta vizuri kabisa. Lakini bomba halijui lina waya gani, wala waya haujui uko bomba gani. Ni wageni waliopangishwa nyumba moja bila kujuana. Ukitaka urefu wa waya, programu inakisia kwa kwenda pembe mraba kutoka chombo hadi chombo, na mabomba yako mazuri haiyatazami. Wahandisi wa umeme duniani wamelilalamikia jambo hili miaka na miaka, wakiomba waya nao uwe kitu, wenye njia, urefu na nyumba yake, kama ukuta ulivyopewa heshima hiyo.

Nikamuuliza inakuwaje watu waliotoa dola milioni 133 wasijue waya unapita wapi. Jibu lake ndilo lililonimaliza. Alisema si uvivu wa kompyuta, ni desturi ya kazi yenyewe, ya tangu michoro ya karatasi: mhandisi anachora nini kinaungana na nini, swichi hii na taa ile, bodi hii na soketi zile. Njia halisi ya waya ukutani huachiwa fundi aipate mwenyewe akiwa kazini, kutegemea boriti ziko wapi na tofali gani ni gumu. Kompyuta ilipokuja ikairithi desturi ilivyo. Kuta zikapata akili, waya ukabaki mchoro.

Kwa hiyo nimefanya mzunguko mzima, Budapest, Massachusetts, volti 120, na nimerudishwa kwa yule yule wa Mererani. "Ule si ulitoka juu ukashuka?" Kumbe alikuwa anafuata utaratibu wa kimataifa.

Tukajaribu angalau kupata idadi ya rola za waya. Kompyuta ikatoa mita, hadi nukta mbili za desimali. Fundi wa muhuri naye akaulizwa. Akasimama katikati ya boma, akatazama juu, midomo ikacheza, akataja rola, akaongeza moja "ya dharura". Nikamwambia mpwa kwamba kompyuta yake na fundi wanapishana rola nzima. Fundi akasema kompyuta haijawahi kupanda darini. Mpwa akasema hiyo rola ya dharura anaijua, aliiona mwaka jana imefungwa kwenye kibanda cha chipsi cha shemeji yake fundi. Nikawaacha. Wote wawili walikuwa na ushahidi.

Mimi mahitaji yangu si makubwa, na kama kuna mtengeneza programu anayesikiliza wastaafu, ayaandike. Nataka niguse ukuta kwenye kioo cha kompyuta uniambie: hapa umeme unapita, hapa haupiti, piga msumari. Nataka bomba lijue lilichobeba. Nataka rola zihesabiwe kwa kufuata mabomba, na kwa rola inavyouzwa dukani, si kwa nukta mbili za desimali ambazo muuza duka hawezi kunikatia. Taa ya korido iruhusiwe kuwa na mabwana wawili. Ekstensheni ipewe uraia. Mpwa ananiambia ipo FreeCAD, ya bure, ambayo kila mwenye ujuzi anaweza kuichokonoa na kuiongezea anachotaka, na kwamba ilianza mwaka 2002 ikafikia toleo 1.0 Novemba 2024. Miaka ishirini na ushee kufikia toleo la kwanza! Hao ndio watu wanaoweza kuelewa ujenzi wa Kerenge. Nimemwambia aache hizo za dola aende akakae na hao.

Kwa vyumba vya uani tumefanya hivi. Mabomba yalipochimbiwa, kabla ya lipu, mpwa alishika simu, mimi nikashika tepu, tukapiga picha kila ukuta: tepu kutoka kona, tepu kutoka sakafuni, bomba linaonekana lote, hata lilipokata kona bila sababu. Picha ziko kwenye simu yangu, kwenye simu yake, na nyingine tumezichapisha Korogwe mjini tukaziweka kwenye bahasha ya hati ya kiwanja, mahali ambapo kwa ukoo wetu ndipo penye usalama wa mwisho. Hakuna programu, hakuna volti 120. Mtoto anaweza kusoma.

Fundi hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Kila bomba alilolaza aliambiwa asogee, asimame, atoe kivuli. Alisema katika ufundi wake wote hajawahi kufanya kazi na mashahidi. Mara moja nilimwona akilinyoosha bomba lililopinda kabla kamera haijafika, jambo ambalo, kusema kweli, hakuna mhandisi aliyewahi kulipata kutoka kwake.

Jana ameleta hesabu yake. Ufundi, kuchimbia, misumari, nauli, chakula. Chini kabisa, kwa wino mwingine, ameongeza shilingi elfu ishirini: "kupigwa picha". Nimemuuliza inakuwaje mimi mwenye simu ndiye nilipe. Akaniuliza, kwani studio Korogwe wanapiga bure? Pamoja na hesabu ameambatisha mchoro wa kuomba umeme wa uani, tayari una muhuri: sebule, vyumba viwili, varanda upande wa kushoto.